Msumeno wa Sheria: Mabomu, Mashtaka na Mahakama za Johannesburg

Jumatatu ya tarehe 28 Mei 2001, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu juu ya Mzanzibari ambaye hakuwamo ukumbini, hakuwamo Johannesburg, wala hakuwamo barani Afrika. Khalfan Khamis Mohamed alikuwa rumande New York, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka majengo ya ofisi za Braampark, Braamfontein, ambako mahakama hiyo ilikuwa ikifanyia kazi kabla ya kupata jengo lake. Alishtakiwa kwa kushiriki kulipua ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Kama alitenda au hakutenda, hilo lilikuwa la mahakama ya New York. Johannesburg iliulizwa jambo jingine: je, serikali ya Afrika Kusini ilikuwa na haki ya kumkamata na kumkabidhi kwa Wamarekani kwa namna ilivyofanya? Majaji walijibu kwa kauli moja kwamba haikuwa nayo.

Kesi yenyewe ilianzia Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, malori mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka. Wengi waliopofuka siku ile walikuwa wamesikia kishindo kidogo cha kwanza, wakasogea madirishani kuona kulikoni, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zao zikiwa kwenye vioo. Dar es Salaam, lori la jokofu lililojaa baruti lilifika getini Oysterbay likakuta gari la maji la ubalozi limeziba njia. Gari lile la maji lilipunguza maafa, lakini watu 11 walikufa na 85 walijeruhiwa. Kati ya waliokufa Dar es Salaam hakuwamo Mmarekani hata mmoja.

Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye kwa wapelelezi wa FBI, Mohamed alipanga nyumba Ilala ambamo bomu lilitengenezwa, akasaidia kusaga baruti aina ya TNT na kupakia mitungi ya gesi. Asubuhi ya tukio alipanda lori pamoja na dereva kwa sehemu ya safari, kisha akashuka akarudi nyumbani. Dereva aliendelea peke yake hadi ubalozini na hakurudi. Mohamed aliondoka Tanzania kuelekea kusini, na tarehe 16 Agosti 1998 aliingia Afrika Kusini kwa pasipoti yenye jina la Zahran Nassor Maulid. Kwa jina hilohilo aliomba hifadhi ya ukimbizi. Alipata kibali cha muda na kazi katika mkahawa wa baga mjini Cape Town, na kwa zaidi ya mwaka mmoja aliishi miongoni mwa watu waliomjua kama kijana mpole wa jikoni.

Kilichomfichua ni makaratasi ya ukimbizi yenyewe. Mpelelezi wa FBI aliyekuwa akipitia maombi ya hifadhi mjini Cape Town aliitambua picha yake. Tarehe 5 Oktoba 1999 Mohamed alifika ofisi ya wakimbizi kuhuisha kibali chake, akakamatwa papo hapo na maofisa wa uhamiaji waliokuwa wakishirikiana na FBI. Kesho yake, tarehe 6 Oktoba, alikuwa ndani ya ndege kuelekea New York. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote wa Afrika Kusini, na wala hakuonana na wakili. Mashtaka yaliyomsubiri yalibeba adhabu ya kifo, na serikali ya Afrika Kusini haikuomba ahadi yoyote kwamba hatauawa.

Ahadi ya aina hiyo huombwa kwa barua moja ya serikali kwenda serikali nyingine, na katika kesi hiyohiyo ya mabomu ya ubalozi ilikwishaombwa na kupatikana. Mamdouh Mahmud Salim alikamatwa Ujerumani mwaka 1998, na Wajerumani walimkabidhi kwa Marekani baada ya kupewa uhakika kwamba hatahukumiwa kifo. Majaji wa Johannesburg waliitaja kesi ya Salim waziwazi, kwa sababu iliondoa utetezi kwamba kuomba ahadi kungevuruga ushirikiano dhidi ya ugaidi. Ujerumani iliomba, ikapewa, na mtuhumiwa akapelekwa.

Mawakili wa Mohamed walianzia Mahakama Kuu ya Cape, wakashindwa. Walipofika Mahakama ya Katiba kesi ya New York ilikuwa ukingoni, kwa hiyo shauri lilisikilizwa kwa haraka. Chama kinachopinga adhabu ya kifo nchini Afrika Kusini kiliruhusiwa kuingia katika shauri. Hoja kuu ya serikali ilikuwa kwamba haikumkabidhi mtuhumiwa kwa mashtaka. Ilimfukuza tu mgeni aliyeingia kwa pasipoti ya uongo, na kila nchi ina haki ya kufukuza wageni wa namna hiyo. Serikali iliongeza kwamba Mohamed mwenyewe alikubali kwenda Marekani.

Majaji walizipokea hoja hizo moja baada ya nyingine, wakazikataa. Sheria ya wageni ya wakati huo ilitaja mahali ambako mtu anaweza kupelekwa anapofukuzwa, na kwa Mzanzibari aliyetokea Tanzania, New York haikuwa mojawapo. Sheria hiyo ilidai pia apewe muda kabla ya kuondolewa, naye hakupewa. Kuhusu kukubali kwake, mahakama ilisema mtu hawezi kuiachia haki asiyoijua. Hakuna aliyemweleza Mohamed kwamba angeweza kudai ahadi ya kutouawa. Na hata kama kitendo kile kingeitwa kumfukuza au kumkabidhi, jina halibadilishi matokeo: dola ilimtoa mtu mikononi mwake na kumweka mahali ambapo angeweza kunyongwa au kudungwa sindano ya sumu.

Nyuma ya hoja hizo ilisimama hukumu ya kwanza kubwa ya mahakama hiyo. Nelson Mandela aliizindua Mahakama ya Katiba Februari 1995, na tarehe 6 Juni mwaka huohuo, chini ya uongozi wa Arthur Chaskalson, ilifuta adhabu ya kifo katika shauri la Makwanyane. Katika miongo ya utawala wa Makaburu maelfu ya watu walinyongwa Pretoria, wengi wao Weusi. Katiba mpya ililinda uhai na utu wa kila mtu, na ilikataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Katika shauri la Mohamed serikali ilikuwa inauliza, kwa maneno mengine, kama ingeweza kushiriki kwa mkono wa mwingine katika jambo ambalo mkono wake wenyewe umekatazwa. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na ndivyo hukumu ilivyofanya kazi. Iliweka wazi kabisa kwamba mtuhumiwa lazima ajibu mashtaka mazito yaliyomkabili. Iliitaka pia dola inayomfikisha huko iwe imepita ndani ya sheria yake yenyewe.

Mahakama ilitangaza kwamba kumkabidhi Mohamed bila ahadi hiyo kulivunja haki yake ya kuishi, ya utu, na ya kutotendewa ukatili. Haikuwa na uwezo wa kuiamuru mahakama ya nchi nyingine. Ilifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake: ilimwelekeza ofisa wake mkuu apeleke nakala kamili ya hukumu kwa mahakama ya New York haraka iwezekanavyo. Ilikuwa haraka kweli. Kesho yake, tarehe 29 Mei 2001, jopo la raia waliosikiliza kesi New York liliwatia hatiani Mohamed na wenzake watatu.

Likabaki suala la adhabu. Upande wa mashtaka uliomba kifo kwa Mohamed, na ulitaja pia tukio la Novemba 2000 ambapo Salim, aliyekuwa chumba kimoja naye gerezani, alimchoma mlinzi kwa kitu chenye ncha kali na kumjeruhi vibaya. Kwa sheria ya Marekani, adhabu ya kifo hudai kauli moja ya wanajopo wote 12. Tarehe 10 Julai 2001 wanajopo walisema hawakuafikiana, na Oktoba mwaka huo Jaji Leonard Sand alimhukumu Mohamed kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa. Wiki chache kabla, Septemba 11 ilikuwa imetokea, umbali mfupi kutoka mahakama hiyo.

Kesi nyingine za mabomu yale zilikwenda njia tofauti, na tofauti hizo zinaonyesha uzito wa namna mtu anavyofikishwa mahakamani. Tanzania ilimshtaki mtu mmoja nyumbani. Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimwachia huru Desemba 2004. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha akapelekwa Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alikataa kumsikiliza shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumlazimisha mshtakiwa aseme. Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka 1 kati ya 285. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini ndugu wa waliokufa Nairobi na Dar es Salaam hawakupata kusikia akitiwa hatiani kwa mauaji ya wapendwa wao. Mateso ya chumba cha siri yaliwanyang'anya hata wao.

Kwa nini mahakama ya Johannesburg ilikuwa kali kiasi kile dhidi ya serikali yake? Jibu limo katika historia ya mji. Afrika Kusini ilikuwa na Sheria ya Ugaidi tangu mwaka 1967. Sheria hiyo iliwaruhusu polisi kumshikilia mtu bila ukomo na bila kumfikisha mahakamani, na maana yake ya ugaidi ilikuwa pana mno hata ikameza siasa za kawaida. Ngome yake Johannesburg ilikuwa kituo cha polisi cha John Vorster Square. Ahmed Timol, mwalimu, alikufa humo Oktoba 1971, na polisi wakasema alijirusha kutoka ghorofa ya kumi. Mwaka 2017 uchunguzi wa kifo chake ulifunguliwa upya, na Jaji Billy Mothle akaamua kwamba aliuawa. Mandela mwenyewe aliendelea kuwamo katika orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008.

Serikali ya Makaburu haikuishia kuwaita wengine magaidi, bali yenyewe ilitega mabomu mjini humo. Tarehe 7 Mei 1987 bomu liliharibu jengo la shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU. Agosti 1988 lililipuliwa Khotso House, makao ya Baraza la Makanisa. Waziri wa Sheria na Utulivu, Adriaan Vlok, alijitokeza hadharani na kumtaja Shirley Gunn, mwanaharakati wa ANC, kuwa mhusika wa Khotso House. Gunn alikuja kukamatwa na kufungiwa pamoja na mtoto wake mchanga. Ukweli ulitoka mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambako Vlok alikiri kwamba kazi ile ilifanywa na polisi wake, kwa amri iliyotoka juu. Alipewa msamaha. Kisa cha Gunn kinatosha kueleza kwa nini waandishi wa Katiba mpya hawakutaka waziri awe na mkono katika kuamua nani ashtakiwe. Waziri aliyelipua jengo alikuwa pia na uwezo wa kumchagua mkosaji.

Kifungu cha 179 cha Katiba ya 1996 kiliunda mamlaka moja ya taifa ya mashtaka, NPA, chini ya Mkurugenzi wa Taifa wa Mashtaka. Kazi yake ifanywe bila woga, bila upendeleo na bila chuki. Bulelani Ngcuka alikuwa mkurugenzi wa kwanza, mwaka 1998. Lakini Katiba hiyohiyo ilimpa Rais uwezo wa kumteua mkurugenzi, na kwa mwanya huo siasa ilirudi, kama itakavyoonekana.

Bomu kubwa la kwanza la enzi ya demokrasia lililoigusa Johannesburg moja kwa moja lilitoka kwa watu waliotaka kuirudisha enzi iliyokwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 2002, milipuko ilikata reli katika sehemu kadhaa za Soweto na kuharibu msikiti. Kipande cha chuma cha reli kiliruka, kikatoboa kibanda na kumuua mwanamke aliyekuwa ndani. Asubuhi, wafanyakazi wa Soweto waliotegemea treni kwenda mjini walikuta njia imefungwa. Waliohusika walikuwa kundi la Makaburu wenye siasa kali lililojiita Boeremag. Mpango wao, kama ulivyothibitika mahakamani, ulikuwa kuipindua serikali, kuwafukuza Weusi katika maeneo waliyoyataka, na hata kumuua Mandela.

Kesi ilianza Pretoria Mei 2003 mbele ya Jaji Eben Jordaan, na ilichukua zaidi ya miaka kumi. Washtakiwa zaidi ya 20 walianza kwa kupinga uhalali wa mahakama, wakidai kwamba Katiba ya 1996 yenyewe haikuwa halali. Mashahidi waliendelea kupita mwaka baada ya mwaka, mawakili wa utetezi wakilipwa na serikali ileile iliyotaka kupinduliwa. Mwaka 2006 washtakiwa wawili walitoroka na wakakamatwa tena mwaka 2007. Wengi nchini walichoka. Hata hivyo kesi iliendelea mahakamani hadi mwisho. Julai 2012 kiongozi wao, Mike du Toit, alitiwa hatiani kwa uhaini, na wengine wakafuata. Vifungo vya kati ya miaka 5 na 35 vilitolewa tarehe 29 Oktoba 2013, kesho yake ikiwa miaka 11 kamili tangu reli za Soweto zilipokatwa. Kwa familia ya mwanamke yule miaka 11 ni mingi, na hakuna sababu ya kuupunguza uzito wake. Lakini hukumu ilisimama.

Wakati kesi ya Soweto ikiendelea, Bunge lilikuwa likiandika sheria mpya. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Septemba 2001, liliitaka kila nchi kuutambua ugaidi kuwa kosa na kutowapa wahusika mahali pa kujificha. Kesi ya Mohamed ilikuwa imeonyesha pengo kubwa: mtu anayeshukiwa kulipua mji wa nchi nyingine akikutwa Cape Town au Johannesburg, serikali haikuwa na njia nyepesi ya kumshtaki palepale. Rasimu ya kwanza ilipingwa vikali. COSATU, wenye kumbukumbu ya jengo lao, walihofu kwamba mgomo ungeweza kuitwa ugaidi, na jumuiya za Waislamu zilihofu kulengwa. Upinzani huo ulizaa matunda. Sheria namba 33 ya 2004, iliyoanza kutumika Mei 2005, ililinda maandamano na migomo, na haikurudisha ushikiliaji bila mashtaka. Iliweka pia kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa makosa hayo ya ugaidi bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Taifa wa Mashtaka. Ufunguo wa kesi uliwekwa mikononi mwa mwendesha mashtaka.

Jaribio kubwa la sheria hiyo lilikuja kutoka Nigeria. Tarehe 1 Oktoba 2010 Abuja ilikuwa ikisherehekea miaka 50 ya uhuru. Karibu na uwanja wa Eagle Square, ambako viongozi wa nchi na wageni walikuwa wamekusanyika, magari mawili yaliyotegwa mabomu yalilipuka. Vyombo vya habari vilitaja watu 12 waliouawa, na wengi walijeruhiwa. Kundi la MEND, lililopigania mafuta ya Delta ya Niger, lilidai kuhusika. Kesho yake, tarehe 2 Oktoba, polisi walimkamata Henry Okah jijini Johannesburg.

Okah alikuwa mgeni wa muda mrefu mjini humo. Mwaka 2007 alikamatwa Angola, akapelekwa Nigeria na kushtakiwa kwa uhaini na biashara ya silaha, kisha akaachiwa mwaka 2009 chini ya msamaha wa Rais Umaru Yar'Adua kwa wapiganaji wa Delta. Alirudi Afrika Kusini. Mbali na mabomu ya Abuja, alishtakiwa kwa mabomu ya Machi 2010 mjini Warri, yaliyolipuka wakati mkutano wa kujadili msamaha huo ulipokuwa ukiendelea.

Mara hii hapakuwa na ndege ya usiku. Okah alifikishwa mbele ya hakimu, akaomba dhamana, akakataliwa, akakata rufaa. Kesi yake ilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya Gauteng Kusini, katikati ya Johannesburg, mbele ya Jaji Neels Claassen, kuanzia Oktoba 2012. Timu ya mashtaka iliongozwa na Shaun Abrahams. Ilikuwa kazi ngumu. Mashahidi walipaswa kutolewa Delta na Abuja, wengine wakiwa wamewahi kuwa washirika wa mshtakiwa na wakihofia maisha yao. Ushahidi wa gari lililolipuka barabarani Abuja ulipaswa kuthibitishwa kwa jaji aliye umbali wa kilomita zaidi ya 4,000. Okah alisema mashtaka ni ya kisiasa, lakini hakupanda kizimbani kujitetea, na jaji alieleza kwamba kwa sababu hiyo ushahidi dhidi yake ulibaki bila kupingwa. Tarehe 21 Januari 2013 alitiwa hatiani kwa makosa 13. Tarehe 26 Machi alihukumiwa kifungo cha miaka 24. Kwa mara ya kwanza mahakama ya Afrika Kusini ilimfunga raia wa kigeni kwa ugaidi uliofanyika nje ya mipaka yake.

Rufaa ilileta mkanganyiko. Oktoba 2016 Mahakama Kuu ya Rufani, Bloemfontein, iliona kwamba sheria haikuzipa mahakama za Afrika Kusini uwezo juu ya matendo yaliyofanyika Warri wakati Okah mwenyewe akiwa Nigeria. Makosa kadhaa yakafutwa, kifungo kikapungua hadi miaka 20. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa usomaji finyu wa maneno machache ya kifungu cha 15. Kama ungesimama, gaidi angeweza kutega bomu katika nchi moja, akapanda ndege, akaishi salama Johannesburg mradi tu hakupanga lolote akiwa ndani ya Afrika Kusini.

Upande wa mashtaka ulikwenda Mahakama ya Katiba. Kufikia hapo mahakama hiyo ilikuwa imehama Braampark. Tangu mwaka 2004 iko juu ya kilima cha Constitution Hill, katika eneo la gereza la zamani la Old Fort, ambamo washtakiwa wa kesi kubwa ya uhaini ya 1956 waliwahi kufungwa. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yalitumika kujengea ukumbi wa majaji. Kwa miaka mingi mmoja wa majaji hao alikuwa Albie Sachs, aliyepoteza mkono wa kulia kwa bomu lililotegwa katika gari lake Maputo mwaka 1988 na maofisa wa usalama wa Makaburu.

Tarehe 23 Februari 2018, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Edwin Cameron, mahakama ilirudisha makosa yote na kifungo cha miaka 24. Iliisoma sheria kwa kuangalia sababu ya kuwapo kwake: Afrika Kusini iliahidi mbele ya mataifa kwamba haitakuwa maficho ya magaidi, na nchi iliyoahidi hivyo lazima iwe na uwezo wa kushtaki. Utetezi kwamba mapambano ya Delta yalikuwa vita vya ukombozi haukumwokoa mshtakiwa. Sheria ya 2004 inatambua mapambano ya silaha ya watu wanaogombea uhuru wao, kwa heshima ya historia ya nchi yenyewe, lakini hata mapambano hayo yamefungwa na sheria za vita, na gari la bomu katikati ya sherehe ya raia haliwezi kuingia humo. Siku 12 baadaye, tarehe 7 Machi 2018, mahakama ya Abuja ilimhukumu Charles Okah, nduguye Henry, kifungo cha maisha kwa mabomu hayohayo.

Mwaka huohuo mahakama ya Johannesburg ilimgeukia aliyeongoza mashtaka ya Okah. Siasa ilikuwa imeisumbua ofisi ya mkurugenzi kwa muda mrefu. Septemba 2007 Rais Thabo Mbeki alimsimamisha kazi mkurugenzi Vusi Pikoli wakati akijiandaa kumkamata mkuu wa polisi, Jackie Selebi. Selebi alishtakiwa hata hivyo, na mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa rushwa katika mahakama ya Johannesburg. Mwaka 2015 mkurugenzi Mxolisi Nxasana aliondoka ofisini kwa makubaliano na Rais Jacob Zuma, akilipwa randi milioni 17.3, na Abrahams akateuliwa kushika nafasi yake. Mashirika ya kiraia yalilipeleka jambo hilo mahakamani. Tarehe 13 Agosti 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba fedha zile zilitumika kununua kuondoka kwa mkurugenzi, kwamba makubaliano hayo ni batili, na kwamba uteuzi wa Abrahams uliojengwa juu yake ni batili pia. Maamuzi aliyokwisha kuyafanya ofisini yaliachwa yasimame, ili kesi za nchi nzima zisiporomoke. Rais alipewa siku 90 kumteua mwingine.

Shamila Batohi, aliyekuwa mshauri wa sheria katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, alifanyiwa usaili mbele ya jopo pamoja na waombaji wengine, akaingia ofisini tarehe 1 Februari 2019. Kati ya majalada aliyoyarithi lilikuwamo la ndugu pacha wawili wa Johannesburg, waliokamatwa Julai 2016 kwa kupanga mashambulio kwa ajili ya kundi la Dola la Kiislamu. Kesi yao ilikuwa imeahirishwa mara nyingi. Februari 2022, mbele ya Mahakama Kuu ya Johannesburg, walikiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka, mmoja akafungwa miaka 11 na mwenzake miaka 8.